Lenzi za Kwenda Maskati

"Hiyo nzito iache," shangazi Chiku alisema, amesimama mlangoni mwa studio na mkono kiunoni. "Unakwenda harusini Maskati, huendi kuponda kokoto."

Hanifa aliinyanyua ile kamera ya Zenit, akaipima uzito mkononi, akairudisha chini. Moyoni alikubaliana naye, ila hakusema. Shangazi ukimkubalia jambo moja, anakuletea la pili kabla hujafunga mdomo.

Kamera zote za nyumba ile zilikuwa zimetandazwa mbele yake juu ya kanga kuukuu, na lenzi pembeni, kila moja na kifuniko chake. Sanduku la kubebea lilikuwa moja tu, la bati, alilolitandikia ndani sifongo ya godoro na kuikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Sanduku kubwa la nguo alilotarajia kuongezea vitu vyake lilikuwa limeshatekwa. Shangazi alikuwa amejaza humo asali ya Manyoni, samli, karanga, mlenda mkavu, na juu ya yote vitunguu, kana kwamba huko Uarabuni watu wanakula wali mweupe kwa kukosa kitunguu cha Singida. Samli ilikuwa imeanza kuvuja. Harufu yake ilikuwa imeingia hadi kwenye mikoba ya kamera, na Hanifa, ambaye hakupenda samli tangu utoto, alikuwa akipumulia mdomoni tangu asubuhi.

Hata hivyo alikuwa na furaha. Tuseme ukweli, alikuwa na furaha ya kitoto. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamejaa sabuni na vitenge tena, na ndugu waliohamia ng'ambo enzi za foleni walikuwa wameanza kukumbuka njia ya nyumbani. Ashrafu, kijana aliyezaliwa mtaa huu huu na kukulia Maskati, alikuja kusalimia wazee, akamwona Zabibu, binti wa marehemu kaka yake shangazi, akaposa. Harusi itafanyika huko. Na kwa kuwa upande wa wanawake hauingii mpiga picha mwanamume, kwao Ashrafu walituma tiketi mbili: ya bibi harusi, na ya Hanifa, binamu yake, mwanamke pekee mjini Singida aliyekula kwa kamera. Shangazi alibaki. Magoti yake yalishindwa hata safari ya Ikungi kwa basi, seuze ndege.

Hanifa hakuwahi kuvuka mpaka wowote. Alirithi studio kwa baba yake, akapiga picha za pasi za watu waliokwenda kila mahali, akabaki kuvuta pazia lile lile la nyuma lenye ghorofa la kuchora. Sasa zamu yake ilikuwa imefika, na alitaka kuchagua vizuri.

Yashica ya baba, yenye macho mawili, ilibidi ibaki. Mikanda yake mipana ya filamu ilikuwa imeadimika, na kumpeleka mzee yule ng'ambo akakae njaa ilikuwa kumdhalilisha. Pentax itakwenda, hilo halikuwa na mjadala. Kwenye Pentax kulikuwa na lenzi tatu. Fupi inayoona ukumbi mzima, kwa ajili ya kina mama wakicheza. Ya kawaida, kwa ajili ya watu wawili watatu wamekaa. Na ndefu, aliyoipenda kuliko zote, ambayo ingemfikisha kwenye uso wa Zabibu kutoka upande wa pili wa ukumbi bila kusukuma mtu. Alizipuliza vumbi moja moja. Upepo wa Singida hauna adabu, unaingia hata kwenye vitu vilivyofungwa.

"Sasa niambie," shangazi alisema, akaingia ndani kabisa na kuketi kwenye kiti cha wateja. Sauti ilikuwa imeshuka. "Katika hayo madude yako, ni lipi linaloona kitu kidogo kwa karibu? Karibu sana. Mpaka uzi wa nguo uonekane."

Hanifa alicheka. "Ni hii hii uliyosema niiache, shangazi. Tazama." Akachukua pete tatu nyeusi za chuma kutoka kwenye kikasha. "Hizi nazifunga kati ya kamera na lenzi. Ukizifunga, unakwenda karibu mpaka unaona matundu ya ngozi."

Alizionyesha kwa fahari, maana pete zile ndizo zilizomlisha kuliko harusi zote. Wiki ile ile alikuwa amekuja mama mmoja kutoka Sepuka na picha ya mumewe marehemu, ndogo kama kucha, imebanduliwa kwenye kadi ya chama, ndiyo pekee iliyobaki duniani. Hanifa aliipiga kwa pete, akaikuza, akaondoa kwa brashi alama ya muhuri iliyopita kwenye shavu. Mama yule alipoiona alikaa chini sakafuni. Kwa Hanifa, kazi ya Zenit ilikuwa hiyo, kuwarudisha waliokwenda.

"Basi hiyo ndiyo utangulize sandukuni," shangazi alisema. "Hayo mengine ni ya kucheza ngoma. Sikiliza mwanangu. Siku ya pili ya harusi, asubuhi, utakwenda chumbani kwao. Utaomba shuka."

"Shuka gani?"

"Usijifanye mtoto, Hanifa. Shuka la Zabibu. Ningekuwepo ningelipokea mimi kwa mikono yangu, maana mimi ndiye kungwi wake. Sasa sipo. Wale wa huko siwajui, wanaweza kusema lolote. Lakini picha haisemi uongo. Utalipiga hapo karibu, lionekane sawasawa, uniletee. Nimewaahidi wenzangu. Tutakaa hapa uani, tutaifunua kwenye sinia kama desturi, na vigelegele juu."

Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayeagiza kilo ya sukari. Kisha akaondoa kipande cha karanga kilichonasa kwenye jino, akakitazama, akakirudisha mdomoni.

Hanifa alisikia kinyaa kikimpanda kutoka tumboni, cha kweli, chenye maji maji mdomoni. Hakikuwa kigeni. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoolewa Ikungi, na lake pia lilifunuliwa kwenye sinia, chini ya kawa lile lile la kufunikia wali. Alikuwa nyuma ya mlango, amejifunga kanga, akiwasikia wanawake wakilichambua kama kitenge dukani, huyu akisema limekolea, yule akisema mbona limekaa pembeni. Lilipita mkono kwa mkono. Mikono hiyo hiyo ikarudi kwenye pilau. Mumewe baadaye alihamia Shelui na mwanamke wa mgahawa wa madereva wa malori, na shuka lile halikumzuia hata kwa siku moja. Tangu hapo Hanifa hakula chakula kilichofunikwa kwa kawa, na watu walidhani ni maringo.

"Shangazi, hayo mambo watu wameacha."

"Wameacha wasio na cha kuonyesha." Shangazi aliinuka, magoti yakalia. "Na huyu hasa ni lazima. Unamjua mama yake. Mtoto wa reli yule. Watu wanasubiri tu kusikia."

Akatoka kwenda sokoni, kwani jioni ile kulikuwa na chakula cha kuwaaga wasafiri. Hanifa alibaki ameshika pete mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu azinunue alitamani kuzifuta kwa kitambaa.

*

Huyo "mtoto wa reli" alikuwa Leah, mama yake Zabibu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli Itigi, Mkristo. Leah alisilimu alipoolewa, akafunga Ramadhani zote, akamzika mume, akaendelea kupika katika nyumba ya mawifi zake kwa sababu hakuwa na pengine. Kila Zabibu alipochelewa kurudi kutoka shule, kila aliposimama njiani na kijana, aliyetazamwa kwa jicho la pembeni alikuwa Leah. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wanawake wa uani walisema, kisha wakamwomba awaongezee chai.

Zabibu aliingia studio bila kubisha, viganja vimekunjwa kulinda hina.

"Amekwambia?"

"Kumbe unajua," Hanifa alisema.

"Dada, nyumba hii ina siri? Tangu juzi wanapangana nani akae karibu na sinia."

"Basi mimi sipigi." Hanifa alisema haraka, kwani alikuwa ameshaamua na alijivunia uamuzi wake. "Nimepata dawa yake. Nitachukua hii lenzi ndefu na ile fupi, basi. Hii ndefu, ukiileta karibu inakuwa ukungu mtupu, haioni kitu. Fupi nayo itaonyesha chumba kizima, shuka liwe kidoa tu huko kitandani. Nikirudi nitamwambia shangazi lenzi zilikataa. Zenit na pete zake zinabaki kabatini."

Zabibu hakufurahi kama ilivyotegemewa. Aliketi kwenye mkeka, akazitazama lenzi zile moja baada ya nyingine kama mtu anayetazama vidonge asivyovijua.

"Nani ataamini kwamba lenzi ilikataa?" aliuliza. "Picha za ngoma ziwe safi, za pilau safi, ya shuka tu ndiyo iharibike? Watasema umenifichia. Watasema nimekutwa hivi, nimekutwa vile. Mimi nitakuwa Maskati, sitasikia. Atakayesikia ni mama. Unadhani atakaa kwenye chumba kile cha nyuma mpaka lini baada ya hapo? Shangazi anamngojea ateleze tu."

"Kwa hiyo unataka nilipige?"

"Utapiga nini? Ashrafu ameniambia kwao hawana mambo hayo. Mama yake akisikia mtu anaomba shuka, atadhani ni mfanyakazi wa kufua."

Nje, uani, majogoo waliofungwa miguu kwa ajili ya jioni walipigapiga mabawa. Zabibu aligeuza uso kuelekea sauti ile. Hanifa alimwona akifikiri, kisha akaona alichofikiri.

"Hapana," alisema.

"Wanachinjwa hata hivyo, dada."

"Damu ni najisi, Zabibu. Na wewe una hina mkononi, unakwenda kwa mumeo."

"Na ile wanayotaka kuifunua kwenye sinia ni marashi?" Sauti ya Zabibu haikupanda. "Piga hapa, leo, kabla shangazi hajarudi. Mkanda ukauchanganye na ile ya huko. Ile yako ya kuona karibu itaonyesha nini zaidi ya shuka? Itaonyesha kama ni Singida?"

Ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo tabia ya pete zile: ukikaribia mno, mahali hupotea. Picha ya yule marehemu wa Sepuka haikuonyesha kadi wala chama wala mwaka. Ilionyesha uso tu, na uso ungeweza kuwa popote.

Kama Zabibu alikuwa na cha kuficha au hakuwa nacho, Hanifa hakuuliza, na Zabibu hakusema. Jambo lenyewe halikumhusu mtu, na hapo ndipo uchafu wote ulipoanzia, kwa watu kujihusisha nalo.

*

Aliyechinja ni mzee Abdulmajidi, jirani, fundi cherehani aliyekuwa akiitwa na kila nyumba isiyo na mwanamume. Alielekeza jogoo kibla, akasoma bismillahi, akapitisha kisu. Zabibu alikuwa amechuchumaa mbele yake na shuka jeupe, jipya, lenye taraza pembeni, mojawapo ya yale aliyozawadiwa.

"Shuka zuri hivyo la nini, mwanangu?" mzee aliuliza.

"Nisichafue ua, babu."

Mzee alimtazama, akatazama shuka, akamtazama Hanifa aliyesimama mlangoni. Alikuwa ameozesha mabinti wanne. Akafuta kisu kwenye manyoya ya jogoo, akaomba aletewe wa pili, na hakuuliza tena.

Studio walifunga mlango kwa komeo. Shuka walilitandika juu ya meza, mbele ya dirisha, na Hanifa akafunga pete zote kwenye Zenit. Damu ilikuwa nyingi mno. Jogoo hana staha, alikuwa amerusha hadi kwenye taraza.

"Hapa utasema amechinjwa mtu," alinung'unika. Akalikunja, akalikunjua, akatafuta pembe yenye doa dogo. Alifanya haraka kwa sababu damu ikikaa hugeuka rangi ya kutu, na kinamama wale wa sinia walikuwa mafundi wa rangi hiyo kuliko yeye. Zabibu alimshikia karatasi nyeupe upande wa kivuli ili mwanga urudi. Alisaidia vizuri, kama mtu aliyefanya kazi hiyo miaka.

Hanifa aliinamia kamera. Kwenye kioo cha kuangalilia, nyuzi za shuka zilikuwa nene kama ukili wa mkeka, na wekundu ulikuwa umezipanda mmoja mmoja. Harufu ilikuwa ya chuma na ya manyoya mabichi. Hapo hapo nzi akatua. Kupitia pete alikuwa mkubwa kupita kiasi, ana nywele mgongoni, anasugua mikono yake ya mbele pole pole kama mtu aliyekaribishwa mezani. Hanifa alijikuta hawezi kuondoa jicho. Aliona mawifi wote mle, na shangazi, na wale wanawake wa Ikungi. Akajiona na yeye, jicho kwenye kioo, akirekebisha mkunjo ili doa likae katikati.

"Mfukuze," alisema.

Zabibu akapunga kanga. Zenit ikalia kwa kishindo chake cha mlango wa lori, mara moja, mara ya pili. Kwa mara ya tatu Hanifa alibadilisha mwanga kidogo, si kwa sababu ilihitajika bali kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea kutaka picha iwe nzuri. Alipogundua hivyo alijichukia. Ilikuwa picha nzuri. Alijua bila kuisafisha kwamba ilikuwa moja ya picha safi kuliko zote alizopiga mwaka ule.

Aliutoa mkanda, akauweka kwenye kopo lake, akaliweka kopo katikati ya mikanda mipya isiyopigwa. Zenit aliirudisha kabatini na kuifungia. Kisha akatoka nyuma ya choo akatapika, si kingi, chai tu ya asubuhi.

Aliporudi uani alimkuta Leah amesimama mbele ya binti yake. Alikuwa ametoka jikoni na moshi machoni. Alitazama shuka mikononi mwa Zabibu. Alitazama majogoo wawili waliolala kwenye beseni wakingoja kunyonyolewa. Uso wake haukubadilika. Alinyoosha mikono akalichukua lile shuka, akaliviringisha, doa likaingia ndani.

"Maji baridi," alisema. "Ya moto yanagandisha damu, haitoki tena."

Akaenda nalo kisimani mwenyewe.

*

Jioni shangazi Chiku alikuwa na furaha kubwa. Wenzake walikuja, wakakaa kwenye jamvi uani, wakamshauri Zabibu juu ya mume kwa maneno ambayo Hanifa alijitahidi kutoyasikia. Wali ulikuja umefunikwa kwa kawa. Ulipofunuliwa, shangazi aliingiza mkono kwenye bakuli la mchuzi, akatafuta, akaibuka na firigisi.

Firigisi katika nyumba ile ilikuwa ya baba, na baba alipokufa ikawa ya kaka, na kaka alipokufa ikawa ya shangazi mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumwona akigawa.

"Hii ya Hanifa," alisema, na wanawake wakanyamaza kwa heshima. "Yeye ndiye jicho langu huko."

Akamlisha kwa mkono wake. Hanifa alifungua mdomo. Ilikuwa ngumu, ina mafuta, na ilikataa kusagika. Kila alipotafuna alisikia ile harufu ya chuma, na shangazi alikuwa akimtazama usoni kwa mapenzi ya kweli, ambayo ndiyo yaliyokuwa mabaya kuliko yote.

"Umepakia ile niliyokwambia?"

Hanifa alimeza. "Picha yako utaipata, shangazi."

"Mwanangu." Shangazi alimpiga piga shavuni, akamwachia alama ya mchuzi.

Upande wa pili wa jamvi, Zabibu alikuwa akila paja la kuku kwa utaratibu, akilinda hina yake. Alikula mpaka mfupa, akauvunja, akanyonya ndani. Hakumtazama Hanifa.

Wenzake shangazi walipoanza kuaga, shangazi aliinuka kwa shida kuwasindikiza, mikono yake imejaa mafuta ameinyoosha mbele kama mtu anayetembea gizani. Birika la kunawia lilikuwa tupu. Aliita aletewe maji. Leah alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kata imejaa maji mkononi, hatua chache tu, wala hakusogea.

Shangazi hakuwa mtu wa kungoja. Kwenye kamba ya kuanikia nguo kulikuwa na shuka jeupe lenye taraza, bado bichi, upepo ukilivuta huku na huku. Alilishika pembe, akapangusa viganja, akapangusa kati ya vidole kimoja kimoja, kisha akainama akafuta na mdomo.